Kiroba cha Udongo

Askari anajaza kiroba.

Ni Babeli, nchini Iraki, mwaka 2003. Koleo linazama bila shida, udongo unatoka laini, kiroba kinafungwa na kupangwa juu ya vingine mpaka unapatikana ukuta wa kukinga risasi. Kazi hiyo hufanyika katika kila kambi duniani. Ila udongo huu una vigae ndani yake, una mifupa, na hapa na pale una kipande cha tofali chenye maandishi ya Nebukadneza, mfalme aliyetawala zaidi ya miaka 2,500 iliyopita.

Kambi ilikaa juu ya mji wa kale wenyewe. Wanajeshi wa Marekani waliingia Aprili 2003, wakafuatiwa na kikosi cha mataifa kilichoongozwa na Poland, na eneo likarudishwa kwa Wairaki mwishoni mwa 2004. John Curtis, mtaalamu wa makumbusho ya British Museum, alipokwenda kukagua alikuta mahandaki, moja likikaribia mita 170. Alikuta matofali ya barabara ya maandamano ya kale yamepasuliwa na uzito wa magari. Alikuta maeneo mapana yamesawazishwa na kumwagiwa kokoto.

Yote hayo yanauma. Lakini kilichonikaa kichwani wiki hizi zote ni kile kiroba.

Kwa sababu katazo lilikuja. Iliagizwa kwamba udongo wa Babeli usijazwe tena kwenye viroba, na agizo likafuatwa. Udongo ukaanza kuletwa kutoka nje, kwa wingi. Viroba vikapasuka, udongo mgeni ukamwagika na kuchanganyika na wa pale, na sasa atakayechimba sehemu hizo atashika kigae asijue kama ni cha Babeli au kilikuja na lori.

Amri ilitiiwa, na madhara yakaongezeka.

## Udongo wa huku kwetu

Je, kiroba hicho kikijazwa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kitakuwa na nini ndani?

Kilomita 20 hivi kutoka mjini Iringa, upande wa kwenda Mbeya, kuna korongo la Isimila. Mvua imelichimba mpaka shoka za mawe zikabaki zimelala juu ya ardhi, nyingine za kubebwa kwa mikono miwili, za watu ambao vipimo vinawaweka yapata miaka 260,000 nyuma. Kule Mlambalasi, chini ya mwamba, kuna tabaka za watu wa Zama za Mawe za mwisho na za wafua chuma waliowafuata. Igeleke kuna michoro myekundu kwenye jiwe. Ukienda Ufipa utakutana na malungu, tanuri za udongo za kuyeyushia chuma, zilizosimama kumzidi mtu kimo.

Hizo ndizo zenye majina. Yasiyo na majina ni mengi kuliko hayo, na ardhi ya mazoezi ya kijeshi hukatwa katika nchi hiyo hiyo: vilima vyenye miamba mikubwa, mabonde yenye maji, sehemu za juu zinazoona mbali. Kamanda anapapenda mahali kwa sababu zile zile zilizomfanya mtu wa kale apapende.

## Uzio unaotunza

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka mara ya kwanza. Nilianza nikiliona jeshi kama hatari. Halafu unaitazama Salisbury Plain, kusini mwa Uingereza, na hesabu inabadilika.

Jeshi la Uingereza lilianza kununua ardhi ile mwaka 1897. Leo ni eneo la hekta zipatazo 38,000, na ndani yake kumeorodheshwa zaidi ya maeneo 2,000 ya kale: makaburi ya vichuguu, mipaka ya mashamba ya kabla ya Warumi, vijiji vilivyohamwa. Nje ya uzio, trekta limelima miaka mia na kitu na kusawazisha mengi ya namna hiyo. Ndani ya uzio sehemu kubwa haikulimwa wala kujengwa nyumba za kupangisha. Mizinga imeharibu sehemu fulani, lakini jembe la nje limeharibu sehemu nyingi zaidi.

Kwetu faraja hiyo ina mpaka wake. Vikosi vya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, hulima, na hulima kwa ukubwa. Jembe la sahani huingia sentimita 20 hadi 30. Chombo cha kupasua udongo mgumu huingia 40 na zaidi. Mabaki ya vijiji vya kale mara nyingi yamo ndani ya nusu mita ya juu. Kwa hiyo shamba linaloandaliwa kwa mara ya kwanza linahitaji kutembelewa na mwanaakiolojia kabla ya trekta, na shamba lililolimwa miaka 30 kwa jembe la sahani lisipasuliwe chini zaidi bila kuuliza. Kilicho chini ya mstari wa jembe huenda bado kimetulia.

Gari la minyororo nalo lina tabia yake. Likienda moja kwa moja juu ya ardhi kavu huacha alama za juujuu. Likigeuka papo hapo, mnyororo huchota udongo kama buldoza. Na likipita wakati wa masika, kati ya Novemba na Aprili, linaacha mifereji ya matairi au minyororo ambayo mvua inayofuata inaifanya makorongo. Isimila ilifichuliwa na maji, na maji hayo hayo huendelea kuila. Atakayeondoa majani mlimani juu ya eneo kama lile amekwisha kuliharibu, hata kama hajalikanyaga.

Kipimo rahisi cha medani: finyanga udongo wa sentimita 10 chini uwe kamba nyembamba kiganjani. Ikikaa bila kukatika, ardhi bado ni mbichi, magari mazito yasubiri au yapite barabara iliyokwisha kuwapo.

## Lilinga

Iringa yenyewe ni neno la kijeshi. Linatokana na *lilinga*, ngome, kwa Kihehe. Ukisema mkoa wa Iringa umetaja ukuta wa Kalenga, ule ambao mizinga ya Wajerumani iliuvunja na mji ukaangukia mikononi mwao tarehe 30 Oktoba 1894. Wenyeji husimulia kwamba hata jina la Tosamaganga linatokana na mashambulizi hayo, mawe yakirushwa kutoka kilimani.

Na miaka mitatu kabla, tarehe 17 Agosti 1891, kulikuwa na Lugalo. Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na kikosi chake waliangamizwa na jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, bunduki zipatazo 300 zikachukuliwa. Jina hilo lilisafiri mpaka kwenye kambi ya jeshi la Tanzania jijini Dar es Salaam.

Uwanja wa vita ni aina ya urithi iliyo ngumu kuliko zote kuilinda, kwa sababu hauna kitu cha kuonyesha. Hakuna ukuta. Hakuna mchoro. Kilichopo ni maganda ya risasi na vipande vya chuma vilivyotawanyika katika nyasi, na thamani yake yote iko katika *mahali* kila kimoja kilipolala.

Kule Little Bighorn, uwanja wa vita wa kale nchini Marekani, moto wa nyasi wa 1983 ulifunua ardhi, na mwaka uliofuata wanaakiolojia Douglas Scott na Richard Fox wakaipitia kwa detekta ya vyuma, kila kipande kikiwekewa kibendera na kupimwa kabla ya kuinuliwa. Pini ya bunduki huacha alama yake kwenye kitako cha ganda, kama alama ya kidole. Wakalinganisha maganda, wakafuata bunduki moja moja ilivyohama uwanjani, na simulizi ya vita ile ikabidi iandikwe upya.

Vita vya huku vinaweza kusomwa hivyo hivyo. Askari wa Kijerumani wa wakati ule walibeba Mauser za 1871, risasi ya milimita 11, ganda nene la shaba ya manjano ambalo hulifananishi na la bunduki za leo. Lakini linahitaji kubaki lilipoanguka. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipa kwa kilo, hajali ni la 1891 au la juzi. Na uwanja wa shabaha ukiwekwa juu ya uwanja wa vita wa kale, maganda mapya kwa maelfu yatafunika mlio wa yale machache: detekta italia kila hatua.

Sheria nayo ina pengo hapo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaweka mpaka katika mwaka 1863: kilichojengwa au kutengenezwa kabla ya hapo kinalindwa kwa umri wake. Cha baada ya hapo, kwa sehemu kubwa, kinangoja tangazo la waziri. Lugalo ni 1891. Malangali, ambako majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalipigana na Wajerumani, ni Julai 1916. Afisa akiisoma sheria harakaharaka ataona hana wajibu wowote juu ya handaki la 1916, na kwa maandishi hatakuwa amekosea sana.

Hilo lilinisumbua siku nyingi. Bado linanisumbua.

## Kutembea kabla ya koleo

Huwezi kulinda usichojua kilipo. Kazi ya kwanza ni miguu.

Wakati mzuri Nyanda za Juu Kusini ni Septemba na Oktoba: nyasi zimekauka au zimeungua, ardhi inaonekana, mvua haijaanza. Watu wanajipanga mstari, mita 10 hadi 15 kati yao, wanatembea macho chini. Penye majani mazito panachimbwa vishimo vya majaribio vya upana wa sentimita 40, kila mita 30, mpaka ufike udongo usio na alama ya mtu. Kwa mujibu wa sheria, kuchimba huko ni kwa kibali cha mamlaka ya mambo ya kale tu. Askari hachimbi, hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Kosa la kawaida ni chekeche. Wengi hutumia tundu la milimita 6. Zana za Zama za Mawe za mwisho huku kwetu nyingi ni za kwazi, jiwe gumu jeupe, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Nyingi zitapita kwenye tundu hilo na utaandika kwamba eneo ni tupu. Tumia milimita 3 au pungufu.

Kosa la pili ni jicho. Kwazi iliyopasuliwa na mtu, kwa asiyefundishwa, ni kokoto. Kipande cha kahawia kilichoyeyuka chenye vipovu ni mavi ya chuma, na mavi ya chuma yanamaanisha tanuri iko karibu. Kigae kisicho na nakshi bado ni kigae. Nusu siku ya mafunzo, vitu halisi mkononi, humpa askari jicho hilo, na askari ndiye anayekanyaga ardhi ile kila siku. Mtaalamu huja mara moja kwa miaka.

Kosa la tatu ni la ramani, na hili ndilo la hatari kuliko yote kwa sababu halionekani. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimejengwa juu ya msingi, yaani mfumo wa kupimia mahali, unaoitwa Arc 1960. GPS ya mkononi inasoma msingi mwingine, WGS84. Namba za mahali pamoja hutofautiana kwa takriban mita 300. Ukihamisha namba bila kugeuza, unazungushia duara la ulinzi kichaka kitupu na kupeleka greda juu ya makaburi. Tena longitudo ya 36 inapita mashariki kidogo ya mji wa Iringa, na hapo kanda ya 36 ya gridi inakutana na ya 37. Andika kila mara: msingi gani, kanda gani, nani alisoma, siku gani.

## Ramani isiyosema kila kitu

Ukishajua kilipo, jaribu la kwanza ni kuweka bango. "Makaburi ya Kale. Usichimbe."

Usiweke.

Kila mtu wa huku anajua habari za mali ya Mjerumani. Watu wamechimba kuzunguka maboma, chini ya miti mikubwa, pembeni ya makaburi, wakitafuta masanduku ya rupia na dhahabu. Bango la aina hiyo kwao ni mwaliko. Uzio mdogo kuzunguka shimo moja katikati ya pori ni mbaya zaidi, maana unasema hapa kuna kitu.

Majeshi yaliyofanya kazi hii muda mrefu hutenganisha ramani mbili. Moja, yenye maelezo yote, hukaa kwa mtaalamu na mkuu wa kikosi, imefungiwa. Ya pili ndiyo inayokwenda medani: ina maumbo yaliyokolezwa rangi tu, yenye mita 50 za ziada kila upande, na maneno machache. *Hakuna kuchimba. Magari hayapiti.* Umbo hilo hilo hutumika kwa chanzo cha maji au kiota cha ndege adimu, na asiyehusika hajui lipi ni lipi.

Ila siri hiyo ina gharama. Mwanafunzi wa sekondari pale jirani hatajua kamwe kwamba kilima anachokiona kila asubuhi kilikuwa na kijiji cha wafua chuma. Sijapata jibu la kunitosheleza. Naona tu kwamba kitu kilichoibwa hakirudi, na siri inaweza kufunguliwa baadaye.

Chini ya miamba mikubwa ongeza sharti moja: moto usiwashwe. Joto hubandua magamba ya mwamba, na michoro hubanduka nayo. Moshi hufunika kilichobaki. Wala mtu asimwagie michoro maji ili itokee vizuri kwenye picha.

## Udongo wa kuletwa

Turudi kwenye kiroba.

Kuna nyakati barabara ya muda lazima ipite juu ya eneo la kale, hakuna njia nyingine. Basi huanzi na greda. Unakata majani kwa fyekeo, mizizi unaiacha ardhini. Unatandika jiotekstaili, kitambaa kigumu cha ujenzi, juu ya ardhi kama ilivyo, vipande vikilaliana nusu mita. Juu yake unaweka sentimita 30 za kifusi, lori likimwaga mbele yake na kusonga juu ya ilichokwisha kumwaga, lisikanyage ardhi tupu. Ukimaliza zoezi unakunja kila kitu na kukiondoa.

Kifusi gani? Hapo ndipo Babeli walikosea, na hapo ndipo nasi tungekosea kirahisi. Moramu ya shimo la jirani na mchanga wa mtoni vinaweza kuwa na zana za mawe ndani yake. Tabaka za Isimila zenyewe ni mchanga na udongo uliowekwa na maji. Chagua kokoto za kusagwa kutoka machimbo ya mwamba: kingo kali, rangi moja, hazijawahi kuguswa na mtu wa kale. Hata miaka 200 baadaye mtu ataona mstari ule na kujua ni wa wageni. Viroba vivyo hivyo. Na visiachwe kwenye jua mpaka vioze na kupasuka. Mfuko wa plastiki uliofumwa haumalizi hata miaka michache nje.

## Mfupa ukitokea

Handaki linachimbwa, mfupa unatokea. Simamisha koleo. Usiuvute, usiuoshe, usiufunge kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu utaleta ukungu. Piga picha ukiwa umeweka rula au hata kalamu pembeni. Rudishia udongo ule ule juu yake kidogo, kivuli kiwepo, mlinzi mmoja asimame. Taarifa iende kwa mkuu wa kikosi, kisha polisi, kwa kuwa lazima kwanza ijulikane kama ni maiti ya jana au ya karne nyingine. Ikithibitika ni ya kale, mamlaka ya mambo ya kale, halmashauri, na wazee wa eneo.

Wazee wasiwe wa mwisho kwa sababu tu wametajwa mwisho. Nyanda za Juu Kusini tunajua fuvu lililoondolewa na wanajeshi linavyokaa moyoni mwa watu. Mkwawa alikufa tarehe 19 Julai 1898. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliandika, katika kifungu cha 246, kwamba fuvu lake lirudishwe ndani ya miezi sita. Lilirudi Juni 1954, gavana Twining akilikabidhi mwenyewe.

Tarehe ilikuwa 19 Juni. Siku 36 kabla ya hapo, tarehe 14 Mei 1954, mataifa yalikuwa yametia saini mjini The Hague mkataba wa kulinda mali za utamaduni wakati wa vita.

Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1971. Kifungu cha 7 hakisubiri vita: kinataka kanuni za jeshi ziwe na masharti hayo *wakati wa amani*, na jeshi liwe na watu waliopewa kazi hiyo.

## Wazee langoni

Limebaki jambo la matambiko. Mlima au msitu wa jadi ukishaingia ndani ya eneo la jeshi, ukoo hauendi tena kufagia makaburi. Mahali panabaki salama kabisa, na mila inakufa kwa kukosa watu.

Kijiji cha Imber, ndani ya ile Salisbury Plain, kilihamishwa Desemba 1943, wakazi wakapewa siku 47. Hawakurudishwa. Lakini kanisa lao limetunzwa, na siku chache kila mwaka milio ya risasi husimamishwa, njia husafishwa, na watu huingia. Kinachohitajika ni tarehe inayojulikana mapema, orodha ya majina langoni, askari wa kuongoza njia iliyokaguliwa dhidi ya mabomu ambayo hayakulipuka, na saa ya kutoka. Hayo yote jeshi huyafanya kila wiki kwa sababu nyingine.

Na kwenye karatasi ya maandalizi ya zoezi, pale panapoandikwa maji yatatoka wapi, kuni zitatoka wapi, choo kitachimbwa upande gani, ingetosha kuongeza mstari mmoja, ujazwe na afande mwenye zamu kabla koleo la kwanza halijatolewa ghalani:

Udongo wa viroba utatoka wapi?